Idaho: kama chama ni kimoja, kura yangu ya Bunge la jimbo ina kazi gani?

MwanaUvira

Habari zenu humu ndani. Niko na swali kwa wale mnaokaa Marekani siku nyingi, hasa Idaho.

Nilipata uraia 2023, nikapiga kura yangu ya kwanza Novemba 2024. Ile ya rais sina shida nayo, kila mtu ananielezea hata nisipouliza. Shida yangu iko chini yake kwenye karatasi, pale penye Bunge la jimbo. Kila eneo la uchaguzi linatoa seneta mmoja na wawakilishi wawili, kiti A na kiti B. Kwenye karatasi yangu kiti kimoja kilikuwa na jina moja tu, Republican. Jina moja, kiduara kimoja cha kupaka wino. Nikabaki nimeshika kalamu najiuliza hapa nachagua nini. Kiti kingine walikuwa wawili, na yule wa Democratic akapigwa vibaya sana.

Niko kusini, mji mdogo, sitautaja maana tunajuana wote. Nafanya kazi kiwanda cha maziwa. Kesho yake namweleza mwenzangu wa zamu, mzaliwa wa hapa, akacheka akaniambia nimechelewa, uchaguzi uliisha Mei. Nikadhani ananitania.

Mnaweza kuniuliza kwa nini nahangaika na wabunge wa jimbo. Ni hivi. Nikienda dukani nikanunua unga, mafuta ya kupikia, samaki wa kopo, chini ya risiti naona kodi asilimia 6. Kaka yangu yuko jimbo la Washington, hapo jirani tu, yeye kwenye chakula hakatwi. Nilipouliza nikaambiwa hayo yanaamuliwa na Bunge la jimbo pale Boise, mji mkuu wa Idaho, siyo Trump wala Biden. Basi nataka kumjua huyo anayeamua unga wangu.

Maswali: huo uchaguzi wa Mei ni wa nini? Ni lazima niandikishwe kwenye chama? Na jina langu likiandikwa, linakaa wapi, nani analisoma? Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wazazi wangu walitoka Uvira, Kongo, enzi ambazo jina lako kuonekana kwenye orodha fulani halikuwa jambo la mchezo. Nikisikia "jiandikishe chama" roho haitulii.

Kariakoo_Mzee

Karibu nyumbani mdogo wangu 😂 Umevuka bahari kumbe umeenda kukuta CCM ya Marekani. Novemba ni kuthibitisha tu, mambo yote yameishia kwenye kura za maoni. Waulize waliogombea huku watakuambia: wajumbe si watu wazuri.

ShangaziBoise

Mdogo wangu MwanaUvira, mwenzako wa kiwandani hakutanii. Mimi ni wa Kigoma, niko Boise tangu watoto wangu hawajaanza shule, na 2024 nilikaa mezani kituo cha kura mara mbili, mchujo wa Mei, ule wa vyama kuchagua wagombea wao, na uchaguzi wa Novemba. Posho ya siku na sandwichi kavu. Nitakueleza nilivyoona kwenye ile meza.

Kwanza hesabu. Bunge letu lina watu 105, maeneo 35 mara watatu. Baada ya Novemba 2024, Baraza la Wawakilishi ni Republican 61 na Democratic 9. Seneti ni 29 kwa 6. Gavana ni wa Republican mfululizo tangu Januari 1995, na mara ya mwisho Democratic kushinda nafasi yoyote ya jimbo zima ilikuwa 2002, mama mmoja Marilyn Howard, msimamizi wa elimu. Wazee wa hapa watakuambia haikuwa hivi siku zote: uchaguzi wa 1990 ulileta Seneti ya 21 kwa 21, sare kabisa. Vijana ukiwasimulia wanadhani umechanganya jimbo.

Sasa, mtu akisikia 61 kwa 9 anafikiri mle ndani wanaimba wimbo mmoja. Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea, maana tunakotoka wabunge wa chama tawala wakishakubaliana, imekwisha. Angalia muswada wa HB 93 wa mwaka 2025, ule wa kutenga dola milioni 50 za unafuu wa kodi kwa wazazi wanaosomesha watoto nje ya shule za umma, kawaida hadi dola 5,000 kwa mtoto. Ulipigiwa kelele mji mzima. Kwa Wawakilishi ukapita 42 kwa 28. Chukua kalamu: Democratic wote tisa hata wakisema hapana, kumi na tisa waliobaki ni nani? Ni Republican. Seneti ikawa 20 kwa 15, na Democratic mle ni sita tu. Gavana Brad Little akasaini mwezi wa pili, imekuwa sheria.

Upinzani wa Idaho ndio huo. Uko ndani ya chama. Wapo wanaojiita wahafidhina halisi, wapo wale wa zamani wa mashamba, barabara na shule za vijijini, na hawapendani hata kidogo. Wanapimana nguvu Mei, kwenye mchujo, Jumanne ya tatu ya mwezi.

Kama unataka mfano, chukua wa Chuck Winder. Alikuwa seneta wa huku Boise magharibi, na si seneta wa kawaida: ndiye aliyekuwa kiongozi wa Seneti nzima. Mei 2024 akapigwa na mtu wa chama chake, Josh Keyser. Hakupigwa na Democratic, wala hakupigwa Novemba. Siku ile jioni nimefunga kituo, nafika nyumbani miguu imevimba, nasoma matokeo kwenye simu, nikamwita mume wangu aje aone. Novemba Keyser akapita kama ilivyotarajiwa.

Ndiyo maana hapa namkatalia Mzee wa Kariakoo kidogo. Huku hakuna kukatwa jina. Anayeongoza kwa kura Mei, ndiye huyo huyo Novemba. Hakuna Kamati Kuu itakayokaa Dodoma mpaka usiku wa manane halafu asubuhi tunasikia ameteuliwa mshindi wa tatu. Viongozi wenzake Winder wangetaka kumwokoa wasingeweza. Na wanaopiga kura si wajumbe mia mbili waliofungiwa ukumbini, ni yeyote aliyejiandikisha kuwa Republican. Uanachama wenyewe ni kuweka alama kwenye fomu ya karani wa kaunti. Hakuna kadi, hakuna ada, hakuna kofia ya kijani.

(Wajumbe wapo pia, ila kazi yao nyingine. Kwenye karatasi ile ile ya Mei kuna nafasi moja ndogo ya mwakilishi wa chama wa kituo chenu, watu wengi hawaiangalii hata. Lakini mbunge akifariki au akijiuzulu, hao wajumbe wa eneo lile ndio wanaompelekea gavana majina matatu, naye anachagua moja. Mbunge anapatikana bila wewe kuulizwa.)

Sasa kuhusu kujiandikisha. Zamani Idaho haikuwa na habari ya kuandika chama kabisa. Ulikuwa unaingia unachagua karatasi unayotaka. Chama cha Republican kikaenda mahakamani, Machi 2011 jaji wa shirikisho akasema huwezi kukilazimisha chama kichaguliwe wagombea na watu wasio wake. Bunge likatunga sheria mwaka huo huo, na mchujo wa kwanza wa kufungwa ukawa Mei 2012. Tangu hapo karatasi ya Republican ni ya waliojiandikisha Republican. Democratic wao wameacha mlango wazi, asiye na chama anaweza kuchukua karatasi yao.

Kwa utaratibu niliousimamia 2024: kama kwenye daftari umeandikwa huna chama, unaweza kuja siku ile ile ya Mei, ukasema nataka karatasi ya Republican, unajaza fomu palepale, unaandikwa, unapewa. Lakini kama tayari umeandikwa chama kingine, siku yako ya mwisho kubadilisha ni ile ya wagombea kurudisha fomu, kama miezi miwili nyuma. Hapa ndipo watu wanapoumia. Alikuja baba mmoja, buti zina matope, kofia kichwani, ametoka shambani moja kwa moja. Anataka karatasi ya Republican, ana mtu wake anataka kumpigia. Natelezesha leseni yake, tableti inasema Democratic. Nikamweleza taratibu. Akasema aliweka alama ile miaka hiyo kwa sababu ya mchujo mmoja wa rais, akasahau. Nikamwonyesha alichoruhusiwa kupewa: karatasi ya Democratic, au ile isiyo na chama yenye majaji tu. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyetunga sheria. Akachukua ya majaji, akapaka viduara vyake viwili vitatu, akaondoka bila kuchukua ile stika ya "nimepiga kura".

Kuhusu woga wako, sitakudanganya. Chama ulichoandikishwa si siri. Orodha ya wapiga kura ni rekodi ya umma, jina lako na chama chako vimo, na wagombea wanainunua. Utajua kwa sanduku la barua: ukishaandikwa tu, Aprili nzima vipeperushi vinamwagika, watu wenye tabasamu na mbwa. Ambacho hakuna anayekijua ni uliyempigia kura. Mimi niliyekupa karatasi sijui, karani hajui. Kwa sisi tuliotoka kule hayo mawili yanachanganyika kichwani, naelewa kabisa. Lakini mimi mwenyewe nimeandikwa, jirani zangu wanaweza kuona wakitaka, na hakuna aliyewahi kunigongea mlango zaidi ya wale wa vipeperushi.

Unga wako sasa. Ndiyo, asilimia 6 kwenye chakula ni ya Bunge la Boise, na kila mwaka wanaibishania. Wanachofanya badala ya kuifuta ni kukurudishia kiasi kupitia fomu ya kodi ya mwaka. Ilikuwa dola 120 kwa mtu, 2025 wakapandisha hadi 155. Hakikisha anayekujazia kodi anaiandika kwa kila mtoto wako. Nimekuta familia hapa Boise hazijawahi kuidai.

Wa_Lowell

Hamjambo nyote. Mimi Mkenya niko Massachusetts, na niwaambie huku ni kinyume chake lakini ugonjwa ni ule ule. Seneti ya watu 40, Democratic 35. Nyumba ya chini iko na watu 160 na Republican hawafiki hata thelathini. Viti vingi sana mtu anapita bila kupingwa, Novemba hata bango la kampeni huoni. Ni kama kupata tiketi ya ODM kule Siaya, ukishaipata unaanza kupima suti.

Tofauti yetu na Idaho ni kwamba huku zaidi ya nusu ya wapiga kura hawana chama, na sheria inawaruhusu kuchukua karatasi ya chama chochote siku ya mchujo. Kwa hivyo mlango uko wazi. Lakini mchujo ni mapema Septemba, watu ndio wanarudisha watoto shule, nani ana habari? Na mara nyingi hata huko kwa mchujo yuko peke yake. Mlango wazi, chumba kitupu.

2024 tuliulizwa kwa kura ya moja kwa moja kama mkaguzi wa hesabu wa jimbo akague vitabu vya Bunge. Zaidi ya asilimia 70 tukasema ndiyo. Viongozi wa Bunge, ambao ni Democratic kama yeye mkaguzi, wakamgomea. Wanajua hakuna wa kuwaondoa.

Swali langu kwa Shangazi: si huko Idaho nyinyi mlipewa nafasi ya kufungua mchujo mkakataa?

ShangaziBoise

Tulikataa kaka, na kwa kishindo. Iliitwa Proposition 1, Novemba 2024. Ilikuwa inafungua mchujo kwa wote na kuleta kupiga kura kwa kupanga wagombea wa kwanza, wa pili, wa tatu. Karibu asilimia 70 wakasema hapana. Hata gavana wa zamani Butch Otter alikuwa anaunga mkono kufungua mchujo, na yeye ndiye aliyekuwa gavana akasaini ile sheria ya kufunga 2011!

Maoni yangu, na najua wapo watakaokasirika: walikosea kufunga mambo mawili kwenye furushi moja. Majirani zangu wengi kufungua mchujo walikuwa hawana neno, lakini ile habari ya kupanga namba iliwatisha. Nilijaribu kuieleza kwa Kiswahili kanisani kwetu, nikatumia mfano wa ugali, wali na viazi. Nilipomaliza mzee mmoja akauliza, sasa mwisho wa siku tunakula nini? Nikajua imekwisha.

Na msidhani watu hawa hawawezi kuamua kinyume na chama chao. 2018 ni wao hao waliopitisha kupanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa takriban asilimia 61, baada ya Bunge kukaa miaka bila kufanya kitu. Wakiulizwa jambo, wanajibu jambo. Wakiulizwa mtu, wanatazama herufi iliyo pembeni ya jina.

Binti_Tabora

Samahani Shangazi, lakini mimi hili linanikwaza. Unamshauri kijana ajiandikishe chama asichokiamini ili apate karatasi? Huko si kusema uongo kwenye fomu ya serikali? Na mkifanya hivyo wote, Democratic wa Idaho watakufa kabisa, maana kila mwenye akili amehamia kule. Afadhali mtu asimame na chama chake hata kama kinashindwa. Kina mama wa upinzani huku nyumbani wangefikiri kama wewe, tungekuwa hatuna hata jina la kusimulia.

ShangaziBoise

Binti, sikumwambia ajiandikishe popote. Nimemweleza mlango uko wapi na unafungwa lini. Lakini hoja yako ni nzito na Boise tunabishana hivyo hivyo. Rafiki yangu mmoja tunayekaa naye kituoni ni Democratic wa damu, hataki hata kusikia. Anasema akichukua ile karatasi mara moja atakuwa amewakubalia. Mwingine ni mwalimu, amejiandikisha Republican, anasema yeye hachagui chama, anachagua atakayekalia kiti cha eneo lake, na mwenye kukikalia anajulikana Mei. Siwezi kusema nani kati yao ni mwongo. Fomu haikuulizi unaamini nini. Inakuuliza chama gani.

Ila nisimfiche na hili: inategemea unakaa wapi. Boise hapa mjini Democratic wana maeneo yao, huko wao ndio wakubwa na mchujo wa Republican hauna maana yoyote. Na pale katikati, kama eneo la uchaguzi namba 15, Novemba 2024 kiti cha seneta kilihama kutoka kwa Rick Just wa Democratic kwenda kwa Codi Galloway wa Republican. Huko aliyelala Novemba alilala kweli. MwanaUvira anakaa kusini, kwenye jina moja na kiduara kimoja. Hesabu yake ni nyingine.

Kariakoo_Mzee

Mimi nimeipenda hii ya hakuna kukatwa jina. Ila Shangazi, hao wabunge wakichaguliwa na watu wachache wa Mei, si ndio watawaogopa hao wachache tu? Huku mbunge anamwogopa aliyeko juu. Huko anamwogopa jirani mwenye kelele.

ShangaziBoise

Umesema kweli Mzee. Mbunge wa Idaho haogopi Novemba hata kidogo, anaogopa kushambuliwa Mei kwamba si Republican wa kutosha. Zipo taasisi zinawapa alama za mtihani kwa kila kura wanayopiga bungeni, na zile alama ndizo zinaandikwa kwenye vipeperushi. Mtu anapiga kura kuhusu bajeti ya maktaba huku anawaza kipeperushi. Na muhula wao ni miaka miwili tu, Seneti na Wawakilishi sawasawa, kwa hiyo hakuna anayepata hata muda wa kupumua.

MwanaUvira

Asanteni sana nyote. Yaya wa Boise, dada yangu mkubwa, Mungu akubariki, nimesoma mara mbili. Leo nimepiga simu ofisi ya karani wa kaunti nikauliza tumeandikwa nini. Mimi: sina chama. Mke wangu: Democratic, anasema aliweka alama 2024 kwa sababu mama aliyekuwa anamsaidia kujaza alikuwa mpole.

Nikamweleza habari ya yule baba wa buti, kwamba ana mpaka siku ya wagombea kurudisha fomu kama anataka kubadilisha. Amekataa. Anasema ameshachoka kuhama.

ShangaziBoise

😂 Mwache mwenzio. Mei mtaingia pamoja, kila mtu achukue ya kwake. Wewe beba leseni yenye anwani mnayokaa sasa, na tarehe uzithibitishe kwa karani mwaka wenyewe ukifika, maana hawa watu kubadilisha sheria za uchaguzi ni kazi yao ya kila Januari.

MwanaUvira

Sawa yaya. Hiyo 155 sikuidai mwaka jana. Naweza kurudi nyuma?

ShangaziBoise

Unaweza kurekebisha fomu ya mwaka uliopita. Ila mwaka uliopita kiasi ni cha mwaka huo, usiandike 155 mahali pa 120. Nitumie ujumbe pembeni, nikupe utaratibu.